Tumkumbuke Salum Abdallah wa Cuban Marimba

Novemba 2025 ilitimia miaka 60 tangu nchi yetu impoteze Salum Abdallah Yazidu, kiongozi na mwimbaji wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro. Vizazi viwili vya wanamuziki vimepita tangu hapo, na kila kimoja kimeacha sifa yake. Hata hivyo nyimbo za marehemu huyu hazijanyamaza. Zinachezwa redioni, zinachezwa katika sherehe, na hapa Buseresere, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Katoro, si ajabu kuzisikia usiku wa sikukuu. Linalotusikitisha ni kwamba wengi wanaozicheza hawamjui aliyeziimba. Huziita zilipendwa, kana kwamba jina hilo moja latosha kuwazika watu wote waliotutangulia katika kazi ya muziki. Kwa maoni yetu halitoshi. Mtu aliyeacha sauti yake anastahili kubaki na jina lake, na ndiyo sababu leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mwananchi huyu.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928, na baba yake alikuwa na asili ya Kiarabu. Mwaka huo huo yalitokea mambo mawili yanayohusu sana habari hii. La kwanza, mwezi Machi, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay akaimba mbele ya mitambo ya kutengeneza santuri, na sauti yake ikaanza kuuzwa madukani katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. La pili, reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza. Santuri iliwezesha sauti ya mtu kutengana na mwili wake, nayo reli iliwezesha sauti hiyo kusafiri hadi bara. Bila mambo hayo mawili, mwimbaji wa Morogoro asingeweza kuwa mtu wa watu wote.

Mji alimokulia ulikuwa mahali pazuri kwa muziki. Ulikuwa kituo cha Reli ya Kati, chini ya milima ya Uluguru, umezungukwa na mashamba ya mkonge yaliyowakusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Watu hao hawakuwa na ngoma moja iliyowaunganisha, wala lugha moja ya nyumbani. Walikuwa na Kiswahili, walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, na walikuwa na hamu ya kuburudika pamoja baada ya kazi. Dansi ilikidhi haja hiyo. Vita ya Korea ilipopandisha bei ya mkonge duniani mwanzoni mwa miaka ya 1950, fedha nazo ziliongezeka mikononi mwa watu, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ikaingia katika nyumba nyingi zaidi.

Santuri zilizompata kijana Salum hazikuwa za Kiswahili peke yake. Mwaka 1933 kampuni ya Kiingereza ya HMV ilianzisha mfululizo wa sahani uliojulikana kwa herufi GV, uliokusudiwa kuuzwa katika Afrika. Sahani ya kwanza ya mfululizo huo ilikuwa El Manisero, wimbo wa muuza karanga, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi kubwa ya Don Azpiazú kutoka Havana, mwimbaji wake akiwa Antonio Machín. Kutoka Dakar hadi Leopoldville, na kutoka huko hadi pwani yetu, vijana walizisikiliza sahani hizo hadi sindano ikazichimba. Maneno ya Kihispania hawakuyaelewa, lakini mapigo yake waliyaelewa mara moja.

Husimuliwa kwamba Salum alivutwa na nyimbo hizo hata akatoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba, na kwamba safari yake iliishia Mombasa. Lililo dhahiri ni kwamba alirudi Morogoro, na mwaka 1948, akiwa kijana wa miaka 20, akaanzisha bendi aliyoiita La Paloma. Jina hilo, lenye maana ya njiwa, ni la wimbo maarufu uliotungwa katika karne ya 19 na Mhispania Sebastián Iradier. Miaka michache baadaye bendi hiyo ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba, nalo ndilo lililodumu.

Wapo waliosema, na hata leo wapo wanaosema, kwamba vijana wale walikuwa waigaji tu wa mambo ya kigeni. Hatukubaliani na hukumu hiyo. Neno marimba ni neno letu la Kibantu, lililovuka bahari pamoja na watu waliotekwa wakapelekwa utumwani Amerika. Mapigo ya muziki wa Cuba nayo yalibebwa na watumwa wa Kiafrika, wengi wao kutoka nchi za Kongo, na utumwa huko haukukomeshwa hadi 1886. Kwa hiyo Salum Abdallah alipouweka upande mmoja wa jina Cuba na upande wa pili marimba, alikuwa akiwakutanisha ndugu waliotenganishwa kwa nguvu. Tena hakuimba Kihispania cha kubabaisha. Aliimba Kiswahili fasaha, juu ya mapenzi, maonyo, sikukuu na siasa, mambo ambayo msikilizaji wake aliyaishi kila siku.

Ili kazi yake ieleweke vizuri, ni lazima tutazame jinsi mwimbaji alivyohesabiwa katika bendi za dansi za dunia ya wakati ule. Huko Marekani, tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili, palikuwa na bendi kubwa za watu 15 au zaidi, zenye tarumbeta, tromboni na saksafoni, chini ya viongozi kama Benny Goodman, Tommy Dorsey na Chick Webb. Katika karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani, jina kubwa lilikuwa la kiongozi wa bendi. Mwimbaji aliandikwa chini kwa herufi ndogo, na aghalabu alikaa kimya hadi katikati ya wimbo, akaimba sehemu yake, akaketi. Hivyo ndivyo alivyoanza Ella Fitzgerald katika bendi ya Chick Webb, ambaye alivuma mwaka 1938, na hivyo ndivyo alivyoanza Frank Sinatra kwa Dorsey mwaka 1940. Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa nchi hiyo kiligoma kutengeneza santuri, na mgomo haukwisha kabisa hadi Novemba 1944. Waimbaji hawakufungwa na mgomo huo, wakaendelea kurekodi wakisindikizwa na sauti za waimbaji wenzao. Bendi ziliporudi kazini zilikuta mwimbaji amekwisha shika nafasi ya mbele.

Kwa Salum Abdallah hapakuwa na ugomvi wa namna hiyo, maana kiongozi na mwimbaji walikuwa mtu mmoja. Bendi nyingi za dansi za hapa kwetu zilikuwa ama za vyama vya watu waliochangishana, ama za mtu mwenye vyombo, na mpiga gitaa au mpiga ngoma aliweza kuhama bila wasikilizaji kutambua. Sauti ya mwimbaji haikuweza kubadilishwa kwa urahisi hivyo. Mashabiki walimwita kwa herufi tatu za majina yake, SAY, na mtu alipoomba wimbo wa Cuban Marimba, aliyemtaka hasa ni yeye.

Wasomaji wetu vijana, wanaoweza kurudia kipande cha wimbo mara mia katika kompyuta mpaka kinyooke, huenda wasitambue ugumu wa kazi ile. Upande mmoja wa sahani iliyozunguka mara 78 kwa dakika ulichukua dakika tatu hivi. Ndani ya muda huo ilibidi gitaa lifungue, mwimbaji atoe ujumbe wake wote, waitikiaji waitike, na bado pabaki nafasi ya kucheza. Wote walipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Mtunzi aliyezoea kukesha ukumbini na wimbo mmoja kwa robo saa alilazimika kupima maneno yake kama mfanyabiashara anavyopima dhahabu. Ufundi huu wa kusema mengi kwa maneno machache ndio uliompa Salum nguvu yake. Nyimbo zake zilitolewa katika sahani za Mzuri, kampuni ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa, na baadaye katika zile sahani ndogo za mizunguko 45. Tanganyika ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Wimbo wa Morogoro ulipaswa kutoka nje ya nchi kwanza ndipo urudi kuuzwa nyumbani.

Aliyemfikisha katika kila kijiji, hata hivyo, alikuwa redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Sahani ilihitaji fedha na gramafoni, lakini redio moja dukani ilitosha watu hamsini. Katika maeneo yetu haya mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi wa almasi wa Mwadui karibu na Shinyanga, iliwakusanya wafanyakazi wa kila kabila kama yalivyofanya mashamba ya mkonge Morogoro. Watu wa namna moja walikuwa na kiu ya namna moja. Wenzetu wa magharibi waliohamia Dar es Salaam nao hawakubaki nyuma, kwani mwaka 1959 waliunda bendi yao ya Western Jazz, wakaipa jina la upande wa nchi walikotoka.

Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, wanamuziki wa dansi walikuwa wamekwisha kuwa sehemu ya sauti ya umma, naye Salum Abdallah alikuwa mstari wa mbele. Miongoni mwa nyimbo zake za mwisho mwisho ni Wanawake Tanzania. Jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, na mwimbaji alifariki mwaka uliofuata, kwa hiyo wimbo huo ni wa miezi ile michache ambamo taifa jipya lilikuwa bado linajifunza kujiita. Ngoma Iko Huku ulibaki kuwa kama mwaliko wa kudumu kwa wapenda dansi, na Mkono wa Idi ukawa salamu ya sikukuu inayorudi mwaka hadi mwaka.

Kifo kilimkuta Novemba 1965 katika ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 37. Alikuwa hajafika nusu ya kazi ambayo angeweza kuifanya. Uongozi wa Cuban Marimba ulishikwa na Juma Kilaza, aliyeiendeleza bendi kwa sifa yake mwenyewe, na ushindani wa zamani na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ukaendelea. Katika Morogoro Jazz alichomoza Mbaraka Mwinshehe, ambaye naye aliuawa na ajali ya gari, karibu na Mombasa, Januari 1979. Mji mmoja uliwatoa waimbaji wawili wakubwa, na barabara ikawachukua wote wawili.

Sasa tuseme linalotukera. Mkusanyo wa nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 ulitolewa katika sahani ya CD mwaka 2000 na kampuni ya Ujerumani, Dizim. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo, maana waliandika majina na kueleza historia. Lakini ni aibu kwetu kwamba hifadhi ya urithi wetu ilisubiri mkono wa wageni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki 1965, muda huo ulimalizika mwisho wa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba sheria haiwezi tena kuwalazimisha wanaotumia nyimbo zake kulipa. Kilichobaki cha kumlipa ni jina lake, na jina hilo ndilo tunalolitupa kila tunapousambaza wimbo katika simu bila kutaja mwenyewe. Wananchi wa ukanda huu wa dhahabu hawahitaji kufundishwa uchungu wa mali kutoka kwenye ardhi yako huku sifa na faida zikiandikwa kwingine.

Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu. Wazee walio na santuri za zamani wasiziache zikaliwa na joto na mchwa, bali wawaonyeshe vijana wao waziandike: jina la wimbo, jina la bendi, jina la mwimbaji na namba ya sahani. Wapiga muziki katika kumbi zetu na watangazaji wa redio wataje jina la mwimbaji kila wanapoupiga wimbo wake, jambo lisilogharimu hata senti moja. Na walimu wa Kiswahili wazitumie nyimbo hizi darasani, kwa kuwa ni mashairi yaliyopimwa na kupendwa na umma.

Salum Abdallah hakuacha cheo. Aliacha dakika tatu tatu za sauti, na katika hizo wafanyakazi wa mkonge, wa reli na wa migodi walijisikia kuwa watu wamoja. Tukiendelea kuzicheza bila kumtaja, wajukuu wetu watadhani nyimbo hizi ziliota zenyewe kama nyasi. Tuna wajibu wa kuwaambia kwamba zilipandwa, na aliyezipanda ni nani.