MAISHA YA IMAMU GHAZALI NA ILIMU YA FURAHA

Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra, nao ni 1058 wa Miladi. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa fukara, kazi yake kusokota sufi, akafa na kuwaacha Muhammad na nduguye Ahmad kwa rafiki yake katika watu wa tasawufi. Mali ilipokwisha, watoto wakaingia madrasa wapate chakula pamoja na masomo.

Akasoma Nishapur kwa al-Juwayni, Imamu wa Haramaini. Mwaka 484 (1091) Waziri Nizam al-Mulk akamweka mudarisi wa Nidhamiya ya Baghdad, naye hajatimiza miaka 35. Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake, na wakubwa wa dola wakamheshimu.

Mtu wa namna hii nani asiyemdhani kuwa na furaha? Lakini alipoipeleleza nia yake aliona kuwa asomesha kwa kutaka jaha. Tangu Rajabu 488 (1095), kwa muda wa karibu miezi sita, akawa asubuhi yuaazimia kutoka Baghdad, na jioni nafsi yamrudisha. Hata ulimi ukafungika, asiweze kutamka neno katika darsa. Huzuni ikamshuka moyoni, tonge isipite kooni. Matabibu wakakata tamaa, wakijua kuwa maradhi yameanza moyoni yakaenea kiwiliwilini. Mwishowe aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akaondoka kwenda Sham, kisha Baitul Mukaddas na Makka.

Katika miaka ile ya ugeni ndipo alipotunga Ihya, na baadaye kwa Kiajemi akatunga Kimia ya Saada. Humo ameeleza kwamba ghadhabu na shahawa hazikuumbwa zing'olewe. Ghadhabu ni kama mbwa wa mawindo, shahawa ni kama farasi: vikifunzwa humtumikia bwana wao, vikiachwa humtumikisha. Na kila kiungo kina raha yake katika lile kiliumbiwa. Jicho katika sura nzuri, sikio katika sauti njema, moyo katika kumjua Mola wake. Raha za tumbo hukatika kwa mauti, ya moyo haikatiki. Tena tabia hugeuka kwa mazoea: bakhili na atoe kwa kujilazimisha, hata kutoa kuwe tabia yake. Ilimu ya nafsi ya zama zetu nayo yatibu watu wengi kwa njia iliyo karibu na hiyo.

Kwamba wingi wa mali si kipimo cha furaha, ushahidi mmoja umetoka bara yetu hii. Wataalamu waliwauliza Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao hukaa bonde la Yaeda wilayani Mbulu na desturi yao ni mawindo, asali na mizizi. Wakawauliza na watu wa Poland. Habari ilitolewa mwaka 2020: Wahadzabe ndio waliojiona wenye furaha zaidi. Hawa hawakuisoma Kimia, wala Ghazali hakumwambia mtu akae porini. Yeye mwenyewe aliwabakishia wanawe riziki.

Mwaka 499 (1106) alirudi kusomesha Nishapur. Kisha akakaa kwao Tus, karibu na nyumba yake pana madrasa na makao ya masufi, hata akafariki tarehe 14 Jumada Thani 505, yaani 18 Desemba 1111.