Bruno Rossi: Mtaliano aliyehesabu chembe za angani, kutoka Asmara hadi pwani ya Kenya

MTU anayefika Kiwengwa, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, hakawii kusikia Kitaliano kikizungumzwa ufukweni. Kwa miaka mingi hoteli za huko zimekuwa zikipokea wageni wengi kutoka Italia, kama ilivyo Malindi nchini Kenya. Wapo wanaoota jua, na wapo wanaowatazama kina mama wakihudumia mwani wao maji yanapokupwa. Ni wachache wanaojua kwamba muda huo wote mvua isiyoonekana inawanyeshea, mgeni na mwenyeji, usiku na mchana, kiasi cha chembe moja hivi kupenya kiganja cha mkono kila sekunde.

Chembe hizo huitwa muoni. Huzaliwa juu sana angani, pale mionzi ya kosmiki kutoka nje ya dunia inapogonga hewa. Miongoni mwa watu waliofanya kazi kubwa ya kuzihesabu na kuzielewa alikuwa Mtaliano, Bruno Rossi, na safari moja muhimu katika kazi hiyo ilimleta Afrika Mashariki, mjini Asmara, mwaka 1933.

Rossi alizaliwa Venice tarehe 13 Aprili 1905, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, mhandisi wa umeme, alikuwa mmoja wa walioshiriki kuuingizia mji huo umeme. Kijana alisoma Chuo Kikuu cha Padua, akamalizia Bologna mwaka 1927, na mwaka uliofuata akaajiriwa kama msaidizi katika Chuo Kikuu cha Florence. Maabara yake ilikuwa juu ya kilima cha Arcetri, ambako Galileo aliishi miaka yake ya mwisho akiwa amefungiwa nyumbani. Palikuwa na mandhari nzuri, lakini fedha za utafiti zilikuwa haba.

Mwaka 1929 ilimfikia makala ya Wajerumani wawili, Walther Bothe na Werner Kolhörster. Waliweka kaunta mbili za Geiger, moja juu ya nyingine, wakaona mara kwa mara zikilia kwa pamoja, dalili kwamba chembe moja imezipitia zote mbili. Hapo ndipo ulipojitokeza utata ambao Rossi alishughulika nao karibu maisha yake yote: utajuaje kwamba kaunta zimelia pamoja kwa sababu ya chembe moja, wala si kwa sadfa tu?

Hesabu yake si ngumu. Chukua kaunta mbili, kila moja ikilia mara 100 kwa dakika bila utaratibu wowote. Ikiwa chombo kinahesabu kuwa ni pamoja milio yote iliyoachana kwa muda usiozidi sehemu moja ya elfu ya sekunde, basi sadfa peke yake italeta milio ya pamoja kama 20 kwa saa. Ongeza kaunta ya tatu, na sadfa inashuka hadi mara moja tu kwa karibu saa 20. Fupisha muda huo zaidi, na sadfa inakaribia kutoweka.

Rossi, akiwa na umri wa miaka 24, alibuni saketi ya valvu za redio iliyoweza kuunganisha kaunta tatu au zaidi na kutoa ishara pale tu zote zinapogongwa kwa wakati mmoja. Aliitangaza mwaka 1930 katika jarida la Nature, na maabara za nchi nyingi zikaiiga. Wanaofahamu kompyuta wataitambua mara moja: ni lango la mantiki linalodai hili na lile na lile viwe kweli kwa pamoja, wakati kompyuta za elektroniki zilikuwa bado hazijabuniwa.

Kwa chombo hicho alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mionzi ya kosmiki inaweza kupenya mita nzima ya madini ya risasi. Jambo hilo lilipingana na mawazo ya Robert Millikan wa Marekani, mshindi wa Nobel, aliyeamini kuwa mionzi hiyo ni ya aina ya mwanga wenye nguvu nyingi. Katika mkutano wa wanafizikia mjini Roma mwaka 1931, Rossi alisimama mbele ya Millikan mwenyewe akaeleza kwa nini wazo hilo halisimami. Mzee hakufurahi. Baadaye kijana alipogundua kwamba chembe hizo huzaa makundi ya chembe nyingine ndani ya risasi, jarida moja la Ujerumani lilikataa makala yake kwa kuona matokeo hayaaminiki, na ikabidi Werner Heisenberg amdhamini ndipo yakachapishwa kwingine.

Swali lililobaki lilikuwa hili: chembe hizo zina umeme, na kama zinao, ni chanya au hasi? Rossi alikwisha kukokotoa mwaka 1930 kwamba sumaku ya dunia ingezipinda. Zikiwa chanya, nyingi zingetokea magharibi. Zikiwa hasi, mashariki. Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi karibu na Ikweta na mahali pa juu. Italia wakati huo ilikuwa ikiitawala Eritrea, na Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Maandalizi yalichukua muda, na ilipofika mwaka 1933 yeye na mwenzake Sergio De Benedetti wakapanda meli na vyombo vyao.

Katika kibanda nje ya mji wakazielekeza kaunta upande mmoja kisha upande wa pili. Jibu lilikuwa wazi: magharibi ilizidi, na kwa hiyo chembe zilikuwa chanya. Kwa kipimo hicho, anayekaa Kiwengwa akitazama bahari hupata chembe nyingi kidogo kutoka mgongoni, upande wa Mji Mkongwe, kuliko kutoka upande wa bahari.

Lakini Rossi alikuwa amechelewa. Miezi michache kabla, Thomas Johnson, na vilevile Luis Alvarez na Arthur Compton, walikuwa wamepima jambo hilohilo huko Mexico na kulitangaza. Wazo lilikuwa lake kwa miaka mitatu. Heshima ya kulithibitisha kwanza ikaenda kwa wengine.

Asmara ilimpa zawadi nyingine, ingawa haikupewa uzito wakati ule. Ili kujua sadfa ni kiasi gani, alizitenganisha kaunta mbalimbali ili chembe moja isiweze kuzipitia zote. Zilitakiwa kulia pamoja kwa sadfa tu. Zikalia mara nyingi kuliko hesabu ilivyoruhusu. Rossi akaandika mwaka 1934 kwamba huenda kuna manyunyu mapana ya chembe yanayofika ardhini kwa pamoja. Hakulifuatilia, mwaka 1938 Mfaransa Pierre Auger aliligundua upya na kulichunguza kwa kina, na leo manyunyu hayo yanahusishwa na jina la Auger.

Mwaka huohuo wa 1938 dunia ya Rossi iliporomoka. Alikuwa tayari profesa Padua, amejenga taasisi mpya ya fizikia, na mwezi Aprili ameoa, bibi harusi akiwa Nora Lombroso. Septemba serikali ya Mussolini ikatoa sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi, naye akafukuzwa kazi. Mwezi uliofuata wawili hao waliondoka Italia. Walipokelewa Copenhagen na Niels Bohr, kisha Manchester na Patrick Blackett, na mwaka 1939 wakafika Chicago kwa Compton, mmoja wa wale waliomtangulia Mexico.

Kutokana na uhamisho huo kulizaliwa kazi ambayo wengi huiona bora kuliko zote. Muoni huishi muda mfupi mno. Hata ikikimbia kwa kasi ya mwanga, ingepaswa kufa baada ya mita 660 hivi, nayo huzaliwa kilomita nyingi juu. Vipi basi inafika ufukweni? Einstein alikwisha kusema kwamba saa ya kitu kinachokwenda kasi sana huchelewa. Katika milima ya Colorado, Rossi na David Hall walilinganisha muoni za kasi tofauti, na mwaka 1941 wakatangaza kwamba zenye kasi zaidi huishi zaidi, sawasawa na nadharia ya uhusianifu. Miaka miwili baadaye, Chuo Kikuu cha Cornell, yeye na Norris Nereson walipima maisha ya muoni iliyotulia: wastani wa sehemu 2.15 za milioni ya sekunde. Kipimo cha siku hizi ni karibu 2.2.

Vita vilimpeleka Los Alamos, kwenye mradi wa bomu la atomiki, alikotengeneza vyombo vya kugundua chembe. Njia ya kitakwimu inayoitwa kwa jina lake, Rossi-alpha, hutenganisha nyutroni za ukoo mmoja na zile zilizokutana kwa sadfa. Ni suala lilelile la Arcetri.

Kuanzia 1946 alifundisha katika taasisi ya MIT. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliishawishi kampuni ya American Science and Engineering, ambayo bodi yake aliiongoza, itafute mionzi ya eksirei kutoka angani, ingawa wataalamu wengi hawakutarajia kuipata. Juni 1962 roketi ya kikundi cha Riccardo Giacconi iliiona katika kundinyota la Nge. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza maalumu kwa kazi hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Wataliano baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na setilaiti ikaitwa kwa neno la Kiswahili: Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei.

Bothe alipata Nobel mwaka 1954 kwa njia ya milio ya pamoja, Blackett alikwisha kuipata mwaka 1948 kwa kazi iliyotumia mbinu hiyohiyo, na Giacconi akaipata mwaka 2002. Rossi hakuipata kamwe, ingawa mwaka 1987 aligawana Tuzo ya Wolf na Giacconi na Herbert Friedman. Alifariki dunia Cambridge, Massachusetts, tarehe 21 Novemba 1993. Majivu yake yalirudishwa Florence, yakazikwa katika makaburi ya San Miniato al Monte, jirani na kilima cha Arcetri.