Fundi wa Ogden na bastola zake tatu

Mtu apendaye mchezo wa kulenga shabaha, akishapata cheti cha kumiliki silaha chini ya Sura ya 114 ya sheria zetu, hukabiliwa na swali ambalo cheti hakimjibii: anunue bastola gani? Aghalabu hutaka moja itakayomfaa uwanjani mwishoni mwa juma, na ambayo pia, siku moja moja anapolazimika kupita njia asiyoiamini, ataweza kuifutika kiunoni bila ya kuonekana. Hutaka chombo kimoja kifanye kazi mbili.

Huenda mwalimu akauliza swali hilo linamhusu nini yeye na wanafunzi wake, ambao wengi hawatashika bastola maishani mwao. Nami nasema linawahusu. Jibu lake limo katika maisha ya John Moses Browning, fundi wa Kimarekani aliyetangulia mbele ya haki mwaka wa 1926, na maisha hayo yana funzo kwa yeyote atengenezaye kitu na kukikabidhi mikononi mwa wengine.

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 katika mji wa Ogden, Utah, magharibi mwa Marekani. Babake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki na mfuasi wa madhehebu ya Wamormoni. Alikuwa amehama kutoka Illinois pamoja na waumini wenzake, akawasili Utah mwaka wa 1852. Mzee huyo alikuwa na wake watatu na watoto 22, na karakana yake ndiyo iliyokuwa chuo cha kwanza cha mwanawe. Kijana John hakusoma uhandisi katika chuo chochote kikuu. Alisoma kwa kutazama, kwa kupitisha tupa juu ya chuma, na kwa kufungua vyombo vilivyoharibika ili ajue ni kwa nini vimeharibika. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi aliunda bunduki yake ya kwanza kutokana na vipande vya vyuma vilivyotupwa.

Mwaka wa 1879 ulikuwa wa mambo mengi kwake. Alifunga ndoa, akafiwa na baba, na mwezi wa Oktoba akapewa hataza ya kwanza, ya bunduki ifyatuayo risasi moja moja. Yeye na ndugu zake walifungua kiwanda kidogo pale Ogden, wakaanza kuziunda kwa mikono yao. Moja kati ya bunduki hizo ilifika machoni pa wakubwa wa kampuni ya Winchester, nao mwaka wa 1883 wakamtuma mjumbe kusafiri masafa marefu hadi Utah, ambako alinunua haki ya kuiunda kwa dola 8,000. Tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka 19, Browning aliiuzia Winchester ubunifu wake mmoja baada ya mwingine. Kila ubunifu ulinunuliwa kwa bei ya mkupuo, na bunduki ilipotoka kiwandani haikuwa na jina la yule aliyeibuni.

Ubunifu wake mkubwa ulitokana na jambo ambalo wengi walikuwa wakiliona kila siku bila ya kulitilia maanani. Mnamo 1889, akiwa katika uwanja wa shabaha, aliyaona majani yaliyokuwa mbele ya mlenga shabaha yakiinama kila risasi ilipotoka. Aling'amua kwamba hewa ya moto itokayo mtutuni ina nguvu ambayo inapotea bure. Iwapo nguvu hiyo ingekamatwa, bunduki ingeweza kujitolea ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa na kujitilia risasi nyingine. Katika miaka michache wazo hilo lilizaa bunduki ya rashasha. Bastola zake alizipa njia nyingine ya kujiendesha, nayo ni ule msukumo wa kurudi nyuma ambao mkono huuhisi bastola ifyatuliwapo. Juu ya mtutu aliweka kifuniko cha chuma kinachoteleza kwenda nyuma na kurudi mbele. Umbo hilo ndilo liigwalo na takriban bastola zote za kisasa za aina hiyo.

Mwaka wa 1897 alitia saini mkataba na kiwanda cha FN kilichoko Herstal, karibu na Liège, nchini Ubelgiji. Bastola yake ya mwaka wa 1900, iliyoundwa huko, ilienea Ulaya kwa kasi hata jina la Browning likawa neno la kawaida la kuitia bastola katika lugha ya Kifaransa. Mwaka wa 1902 aliachana na Winchester. Alitaka kulipwa sehemu ya fedha kwa kila bunduki ya marisau itakayouzwa, nao wakakataa. Akaivuka bahari ya Atlantiki, akaipeleka bunduki hiyo Ubelgiji.

Sasa na tulirejee swali letu, maana Browning alilijibu kwa tupa na chuma.

Jeshi la Marekani lilihitaji bastola nzito, yenye risasi nene ya kipimo cha .45. Browning aliiunda, ikatengenezwa na kampuni ya Colt. Katika majaribio ya mwezi wa Machi 1911 ilifyatuliwa mara 6,000 bila ya kukwama hata mara moja, na mwezi huo huo ikakubaliwa rasmi. Jeshi hilo liliitumia kama bastola yake ya kawaida hadi mwaka wa 1985. Uzito wake ni karibu kilo 1.1 kabla ya kutiwa risasi, na mtutu wake una urefu wa milimita 127. Walenga shabaha waliipenda kwa sababu uzito huo huo unaomchosha mbebaji ndio unaoumeza mshtuo wa risasi, na kwa sababu alama za kulengea zikiwa mbali baina yao, kosa dogo la jicho huonekana mapema na kusahihishwa. Lakini mtu aliyevaa shati na suruali ya kawaida hawezi kuificha kwa urahisi, wala hatavumilia kuibeba kutwa.

Waliotaka kubeba aliwaundia nyingine. Mnamo 1906 FN ilikuwa ikiuza bastola yake ya mfukoni yenye risasi ya milimita 6.35. Urefu wake haukuzidi upana wa kiganja kwa mengi, nao uzito ulikuwa karibu gramu 370. Kisha ikaja ile ya mwaka wa 1910, yenye uzito wa takriban gramu 600, laini ubavuni ili isikwame katika nguo. Hiyo aliitilia vizuizi vitatu vya usalama: kimoja cha kusukumwa kwa kidole gumba, kingine kilichoko nyuma ya mpini, kisichoachia mpaka mkono uushike sawasawa, na cha tatu kinachozuia isifyatuke iwapo kijaluba cha risasi kimetolewa. Hata hivyo, wepesi una gharama yake. Bastola fupi na nyepesi huruka mkononi, alama zake za kulengea zimekaribiana mno, na mtetemeko mdogo wa kidole huipeleka risasi kando. Anayeibeba huhitaji mazoezi mengi kuliko yule mwenye bastola nzito, ilhali kwa kawaida ndiye anayefanya mazoezi machache.

Na wale waliotaka shabaha tu, Browning hakuwasahau. Mnamo 1915 Colt ilianza kuuza bastola yake ya kipimo cha .22, ambayo baadaye iliitwa Woodsman. Mtutu wake wa awali ulikuwa na urefu wa karibu milimita 168, na kijaluba chake kilichukua risasi 10. Risasi ya .22 ni ndogo, bei yake ni nafuu, wala haiushtui mkono. Mwanafunzi wa shabaha aweza kuifyatua mara mia bila ya kuzoea kufumba macho, na tabia njema anayojifunza kwayo huenda nayo hata akishika silaha kubwa zaidi.

Basi fundi huyu, ambaye alipewa hataza 128 maishani mwake, alipotakiwa bastola ya vitani, ya mfukoni na ya uwanjani, aliunda bastola tatu. Mnunuzi anayedai moja itakayotosha kwa yote na ajue kwamba anadai jambo ambalo Browning mwenyewe hakulifanya kwa bastola hizo.

Laiti hadithi ingekomea hapo ingekuwa ya ufundi mtupu. Lakini tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana mwanafunzi wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip aliifyatua bastola ya FN ya mwaka wa 1910, akamwua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Kijana huyo na wenzake walikuwa wamefanya mazoezi ya kulenga katika bustani moja ya Belgrade. Vile vizuizi vitatu vya usalama vilifanya kazi kama vilivyokusudiwa. Vilimkinga mbebaji asijidhuru kwa bahati mbaya, lakini havikuwa na uwezo wowote juu ya mkono uliokwisha kuamua.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu chanzo cha Vita Vikuu vya Kwanza, na hapana mwenye busara atakayeitwika bastola moja lawama yote. Ila mfuatano wa mambo unajulikana. Mwezi wa Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji na kuiteka Liège, na kiwanda kilichoiunda bastola ile kikaangukia mikononi mwa wavamizi. Moto ukafika hata kwetu. Wenyeji wa Afrika Mashariki walikusanywa kwa maelfu kuwabebea wanajeshi mizigo, wengi wao wakafa kwa maradhi na njaa. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi na ule wa Kariakoo jijini Dar es Salaam bado inabeba jina la kikosi hicho cha wachukuzi. Mwanafunzi apitaye Kariokor akielekea sokoni anapita juu ya historia ambayo mojawapo ya cheche zake ilitoka katika silaha ndogo iliyobuniwa ili itoshe mfukoni.

Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917, Browning aliipa serikali yake bunduki za rashasha. Akakubali malipo ya dola 750,000, kiasi ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na kile ambacho angevuna kama angedai malipo kwa kila bunduki. Mtu huyu hakuwa mlafi, wala hakuwa mpenda vita. Alikuwa fundi aliyetaka kila kipande kikae mahali pake.

Aliendelea na kazi mpaka dakika za mwisho. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa katika kiwanda kile cha Herstal, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 71. Mwili wake ulirudishwa Ogden ukazikwa huko. Aliacha bastola nyingine ambayo haijakamilika, ya milimita 9. Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeikamilisha, ikatoka mwaka wa 1935 ikiwa na nafasi ya risasi 13. Bastola hiyo ilikuwa aina fulani ya suluhu baina ya ile nzito na ile ya mfukoni, na majeshi mengi duniani yaliichagua. Lakini hata hiyo ina uzito wa karibu kilo moja. Suluhu haikuufuta uzito.

Kwa maoni yangu, anayechagua bastola na aanze kwa kusema ukweli kuhusu haja yake. Iwapo haja ni shabaha, na achukue ndefu, nzito, yenye risasi ndogo, naye atafurahia mchezo wake na kuwa hodari. Iwapo haja ni kubeba, na akubali kwamba amejitwika wajibu wa kila siku. Hatari kubwa imo katika maneno hayo mepesi, mara moja moja. Silaha ibebwayo kila siku mwenyewe huikumbuka. Ile ibebwayo mara moja moja ndiyo isahauliwayo ndani ya gari, chini ya mto au katika droo isiyo na kufuli, ambako mtoto huifikia kabla ya mwenyewe kukumbuka. Mtu kama huyo angefanya vyema kununua sanduku la chuma lenye kufuli kabla ya kununua bastola, na kujiuliza kama safari hiyo haiwezi kufanywa mchana, au pamoja na wenzake, bila ya silaha kabisa.

Nanyi walimu, mnapowafundisha wanafunzi wenu habari za Sarajevo, watajieni pia jina la fundi wa Ogden. Wapeni swali la kuandikia insha: je, aliyeunda chombo kwa uangalifu mkubwa kiasi hicho ana sehemu gani katika tendo la aliyekitumia? Sidhani kwamba watakubaliana, na mimi sitawalaumu. Lakini nina yakini juu ya jambo moja. Browning aliweza kuweka vizuizi vitatu katika chuma. Kizuizi cha nne ni nia ya mwenye kushika, na hicho hulelewa nyumbani na shuleni.