Mchoraji aliyenaswa na ndege wa Helgoland

HEINRICH Gätke, mzaliwa wa Ujerumani, alihamia Helgoland mwaka wa 1837 ili achore bahari. Kisiwa hicho cha Bahari ya Kaskazini kilitawaliwa na Uingereza. Punde ndege wahamao wakamteka moyo.

Usiku wa giza, mwanga wa mnara wa kuongozea meli uliwavuta kwa maelfu. Baadhi yao waligonga kioo wakafa. Wengine walinaswa na wakazi wakawa kitoweo. Kwa takriban miaka 50, Gätke aliwatambua na kuwaandikia kumbukumbu.

Mnamo 1890, Uingereza iliikabidhi Ujerumani kisiwa hicho katika mkataba uliohusu pia Zanzibar. Kitabu chake kikatoka 1891. Ingawa alikosea kuhusu kasi ya ndege, alipofariki 1897 aliacha ushahidi kuwa taa inayookoa mabaharia yaweza kuwaangamiza ndege.