Amelia Bloomer na suruali iliyowatia watu wazimu

Dada zetu mliocheza netiboli shuleni kule Kenya, bluma mnaijua. Basi jina lile ni la mtu kabisa. Amelia Bloomer alizaliwa mwaka 1818 huko Homer, jimbo la New York, Marekani. Shule hakusoma sana, lakini kalamu aliiweza, na Januari 1849 akaanzisha gazeti, The Lily, la kupiga vita ulevi. Taratibu likageuka kuwa la haki za wanawake.

Siku zile uzuri wa mwanamke ulikuwa kiuno cha nyigu. Alibanwa kwa mkaja wenye vipande vya mfupa wa nyangumi mpaka pumzi anaivuta kwa kuiba, akavikwa magagulo matano sita, na juu yake gauni la kufagia barabara. Sisi mainjinia tungeuliza: nani ametundika mzigo wote huu kwenye nguzo iliyo nyembamba kuliko zote?

Mwaka 1851 Elizabeth Smith Miller alifika Seneca Falls kwa binamu yake, Elizabeth Cady Stanton, amevaa suruali pana ya Kituruki chini ya sketi fupi. Bloomer akaipenda, akashona yake, akaiandika gazetini. Barua za kuuliza inashonwaje zikamiminika. Nakala zikapanda kutoka 500 hadi 4,000 kwa mwezi. Magazeti mengine yakaipa suruali jina lake, ingawa aliyeanza si yeye. Ikawa kuzomewa barabarani na kukemewa makanisani, eti wanataka kuwa wanaume. Na wakati huohuo Unguja, Bibi Salme binti Sultani alikuwa mtoto mdogo, na katika jumba la baba yake wanawake walivaa suruali chini ya kanzu bila mtu kushtuka. Jamani!

Stanton na wenzake waliiacha baada ya miaka michache, maana watu walitazama miguu wakaacha kusikia hoja ya kura. Siwalaumu, ila inauma. Bloomer aliivaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1850, akiwa amehamia Council Bluffs, Iowa. Zilipokuja sketi zilizotanuliwa kwa pete za chuma, nyepesi kuliko magagulo, naye akarudia gauni refu. Kura hakuiacha, aliongoza chama cha kuidai jimboni Iowa.

Alifariki tarehe 30 Desemba 1894. Wakati huo wasichana walishaanza kupanda baiskeli, na suruali ile ikatolewa tena sandukuni.