HG Wells: Alivunjwa uwanjani, akahamishia vita sebuleni

Ilikuwa mechi ya shule tu. Hakukuwa na kombe wala jukwaa. Mwaka 1887, kwenye shule ndogo ya Holt Academy huko Wales, mwalimu mpya, kijana mwembamba ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 21, aliingia uwanjani kucheza soka na wanafunzi wake. Mmoja wao akamwingia vibaya. Rafu ile ilimponda figo.

Siku hizi ingekuwa kadi nyekundu, machela na gari la wagonjwa. Kipindi kile jamaa alibebwa ndani, akakojoa damu, na baada ya muda akaanza kutema damu pia. Madaktari wakahisi ni kifua kikuu. Kwa miaka kadhaa aliishi akiamini hana muda mrefu hapa duniani.

Huyo ndiye Herbert George Wells. Wengi wanamjua kama HG Wells, mtunzi wa hadithi za mashine ya kusafiria kwenye wakati na za viumbe wa Mars kuivamia Uingereza. Wanaocheza vita ya mezani, ile ya vikosi vya askari wadogo wa kuchezea, wanamjua kwa jambo lingine kabisa. Kwao huyu ndiye aliyechukua mchezo wa majenerali, akaushusha hadi sakafuni kwa watu wa kawaida na kuuandikia sheria.

Michezo ilikuwa kwenye damu. Baba yake, Joseph Wells, alikuwa mchezaji wa kulipwa wa kriketi katika timu ya Kent. Mwaka 1862, Kent ikicheza na Sussex, Joseph aliangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kwenye kriketi ya daraja la kwanza. Kwa asiyejua kriketi, mfikirie straika anayepiga mashuti manne na yote yanaingia, tena hakuna mpira uliogusa mwamba.

Lakini kriketi ya enzi hizo haikulipa. Joseph alikuwa na kaduka ka vyombo na vifaa vya kriketi pale Bromley, kusini mashariki mwa London, na biashara ilikuwa ya kusuasua. Herbert alizaliwa hapo Septemba 21, 1866. Mwaka 1877 baba akavunjika mguu na kriketi ikaishia hapo. Mama yake, Sarah, ikabidi arudi kufanya kazi kwenye jumba la matajiri, Uppark, akiwa msimamizi wa nyumba.

Kitu cha kushangaza ni kwamba mguu mwingine uliovunjika katika familia hiyo ndio uliomtengeneza Wells. Mwaka 1874, akiwa bado dogo, alirushwa juu kwa utani, akaanguka vibaya na kuvunjika mguu. Akalala kitandani wiki kadhaa na baba akawa anamletea vitabu. Alipoinuka alikuwa mtu wa kusoma, na tabia hiyo haikumtoka tena.

Shule yake ilikuwa ya kukatikakatika. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwenye duka la vitambaa huko Southsea, anasimama saa nyingi kwa siku, analala bwenini na vijana wenzake. Aliichukia kazi ile hadi akatoroka. Akapata nafasi ya kuwa mwalimu msaidizi huko Midhurst, akafaulu mitihani, na mwaka 1884 akapewa ufadhili wa kusoma sayansi London, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Thomas Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Aliondoka bila shahada, ndipo akaenda Wales kukutana na ile rafu.

Mwili ulimgomea, kalamu haikumgomea. Shahada aliipata 1890. Mashine yake ya wakati ilitoka 1895, vita ya watu wa Mars 1898, safari ya mwezini 1901. Fedha ikaingia. Akahamia kwenye nyumba mpya aliyojenga Sandgate, karibu na bahari, na mkewe wa pili, Jane. Wakapata watoto wawili wa kiume, George aliyeitwa Gip na Frank.

Humo ndani ndipo vita ilipoanza.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, mgeni wao, mwandishi Jerome K. Jerome, aliuona mzinga wa kuchezea wa watoto. Ulikuwa mzinga mdogo wa springi, unaowekewa risasi kwa nyuma, na risasi yenyewe ni kipande cha mti chenye urefu wa kama inchi moja. Jerome akavuta kiti, akakaa, akalenga askari mmoja, akampiga. Basi ikawa ugomvi wa kirafiki, nani ana shabaha kuliko mwenzake. Watu wazima wenye ndevu wakajikuta wanatambaa sakafuni.

Wengine wangecheka na kurudi kwenye chai. Wells alikuwa mtu wa kung'ang'ania jambo. Akaanza kujiuliza, itakuwaje kama askari watasogea? Itakuwaje kama kutakuwa na nyumba, vichaka na vilima vya kujificha? Matofali ya mbao ya watoto yakawa nyumba, vijiti vya miti ya bustani vikawa msitu. Akaja rafiki na ndugu yake, kapteni aliyetoka kupigana vita ya Makaburu Afrika Kusini, wakawa wanazitengeneza sheria pamoja, mechi baada ya mechi. Kilichokuwa kinaharibu mchezo kiliondolewa.

Matokeo yake ni kitabu kidogo, Little Wars, kilichotoka mwaka 1913. Miaka miwili kabla alikuwa ametoa kingine kuhusu michezo ya sakafuni, lakini huu wa 1913 ndio moto. Jina lake refu lilifungua mlango kwa wachezaji kuanzia miaka 12 hadi 150, na wasichana nao hawakuachwa nje, ingawa namna alivyowakaribisha ingemletea matatizo leo.

Tuzichukue sheria zenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Majeshi yalikuwa sawa. Mmoja alipanga uwanja, mwingine akachagua upande wa kuchezea. Ni kama kugawa nyama, mmoja anakata na mwingine anachagua fungu, hivyo hakuna wa kupendelea upande wake. Halafu pazia lilivutwa katikati na kila mmoja akapanga kikosi chake bila kuonwa. Kocha yeyote anayeficha kikosi hadi saa moja kabla ya mechi angeielewa hii mara moja.

Pazia likiondolewa, zamu zinaanza. Askari wa miguu anasogea futi moja, wa farasi futi mbili, na kamba ndiyo inayopima. Mzinga haufyatuki mpaka uwe na angalau askari wanne karibu yake. Ukiwakosa hao, una chuma cha bure. Hivyo mjanja hahangaiki kuupiga mzinga, anawapiga wanaouhudumia.

Na muda ulihesabiwa. Kila zamu ilikuwa na dakika zake kulingana na idadi ya askari na mizinga uliyobaki nayo. Muda ukiisha, ambaye hujamsogeza anabaki pale pale. Wells aliona mapema kitu ambacho wacheza bao wa kwenye vijiwe wanakijua vizuri, kwamba mtu anayefikiria nusu saa anaua mchezo kuliko anayecheza vibaya. Tena presha ya saa inaleta makosa, na bila makosa hakuna mchezo.

Waliokutana uso kwa uso waliuana kwa idadi, mmoja kwa mmoja, na waliozidiwa wakiwa wametengwa na wenzao walitekwa. Mwanzoni Wells na wenzake walijaribu kurusha sarafu, wakaona bahati inakula akili. Wakaiondoa. Aliyeuliwa kwa mzinga aliuliwa kwa shabaha kweli. Askari akianguka amekufa. Ukimkosa, umemkosa.

Hapo ndipo alipotofautiana na wakubwa. Prussia walikuwa na mchezo wao wa vita tangu miaka ya 1820, ofisa kijana aitwaye von Reisswitz aliwaonyesha majenerali mwaka 1824, na majeshi mengi yakaiga. Ulichezwa juu ya ramani, kwa dadu, majedwali na mwamuzi. Maofisa wa Uingereza walipousoma mchezo wa Wells walimwandikia, na yeye akaambatanisha mwishoni mwa kitabu maoni yake kuhusu mchezo wao wa jeshi. Hakuupenda. Aliuona mzito na unaomtegemea mno mwamuzi. Mtu aliyekaa na kamba mkononi na goti sakafuni anamfundisha jenerali, ni ujasiri wa aina yake, lakini alikuwa na hoja.

Kitabu hakikuishia kwenye sheria. Wells alimalizia kwa kusema kwamba mtu akicheza vita hii mara chache anatambua jinsi vita ya kweli inavyoweza kuwa upumbavu. Alikuwa amecheza na watu wenye uzoefu wa jeshi na kuona jinsi wanavyoboronga hata kwenye sakafu. Sasa hao hao wakipewa watu wenye mama na watoto? Alitaka wafalme na wapenda vita wafungiwe kwenye chumba kikubwa na askari wa kuchezea, wapigane humo hadi wachoke.

Kitabu kilitoka 1913. Agosti 1914 Ulaya ikawaka.

Na hapa ndipo maisha ya Wells yanapokuwa magumu kuyasimulia kwa upande mmoja. Mtu aliyeandika kwamba vita ni upumbavu aligeuka ndani ya mwaka mmoja na kuiunga mkono ile kubwa kuliko zote. Aliandika makala nyingi akidai Ujerumani ikipigwa vita vyote vitakwisha. Septemba 1914 alikuwa miongoni mwa waandishi walioitwa na serikali kusaidia propaganda, na mwaka 1918 akafanya kazi hiyo rasmi kwa muda. Moto huo haukubaki Ulaya. Novemba 1914 ulikuwa umeshafika Tanga.

Wanaomtetea wanasema aliamini kweli. Inawezekana. Lakini ukisoma kurasa zile za 1913 halafu za 1914, ni kama timu iliyobadili jezi wakati wa mapumziko. Baada ya vita mwenyewe alikuja kuona kwamba ahadi ile haikutimia, na miaka yake iliyobaki aliitumia kupigania serikali moja ya dunia na haki za binadamu. Mwaka 1940, Hitler akiwa anaichapa Ulaya, alichapisha kitabu kuhusu haki hizo.

Mwili nao haukuacha kudai. Alipata kisukari, na mwaka 1934 akashirikiana na daktari wake, R. D. Lawrence, kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari Uingereza, ambacho kipo hadi leo. Kijana aliyeambiwa hatafika mbali baada ya ile rafu ya Wales alifika miaka 79. Wakati mabomu ya Wajerumani yanaipiga London hakuhama nyumbani kwake. Alifariki Agosti 13, 1946, mwaka mmoja baada ya Hiroshima. Bomu la atomiki alikuwa amelitungia hadithi tangu 1914, na hata jina hilo alilitumia. Majivu yake yalimwagwa baharini.

Mchezo ulibaki. Mwaka 1956 kamera za sinema zilimkuta mwigizaji Peter Cushing nyumbani kwake, amekaa sakafuni na askari wake, anacheza kwa sheria za Wells. Mwaka 1974 Gary Gygax, aliyetokea kwenye vita ya mezani, alishiriki kutengeneza Dungeons & Dragons, na kitabu cha Wells kilipotolewa upya mwaka 2004, Gygax ndiye aliyekiandikia utangulizi. Warhammer ilikuja 1983, nayo ikaleta mashindano makubwa.

Ukiingia leo kwenye ukumbi wa mashindano hayo Uingereza au Marekani utakuta meza zimepangwa safu kwa safu, wachezaji wawili kila meza. Majeshi yana thamani sawa ya pointi, na orodha ya kikosi inawasilishwa mapema kama fomu ya mechi. Saa ya kubonyeza, kama ya chesi, iko pembeni kwenye meza nyingi. Refa anazunguka kutatua ubishi wa nusu inchi. Mshindi wa raundi ya kwanza anapangiwa mshindi mwenzake, na kufikia jioni ya siku ya pili miguu inauma kuliko kichwa.

Wells angeingia humo na kuelewa karibu kila kitu. Kamba yake imekuwa futi ya chuma ya kujikunja, sakafu imekuwa meza, askari wa risasi wamekuwa wa plastiki. Kitu kimoja angekitafuta asikione, ule mzinga wa springi. Kazi yake sasa inafanywa na dadu, ile bahati aliyoifukuza sebuleni kwake Sandgate.