Padri Johnson wa Liuli: Aliyejinyima mengi, akalipenda Ziwa Nyasa

MSAFIRI anayeteremka kutoka Mbinga, akaiacha nyuma milima ya Tingi na kufika Mbamba Bay, akifuata ufuko kuelekea kaskazini hatimaye hufika Liuli. Hapo ndipo alipozikwa Padri William Percival Johnson, Mwingereza aliyefariki dunia Oktoba 1928 akiwa na umri wa miaka 74, baada ya kutumia zaidi ya nusu karne katika ardhi ya Afrika.

Wanahistoria wa kanisa humwita Mtume wa Nyasa. Hata hivyo, maisha yake si habari ya waumini wa Anglikana pekee. Ni habari ya mtu aliyeutawala mwili wake kwa nidhamu kali kuliko wengi wa wakati wake, akadumu mahali ambapo wenzake wengi hawakudumu, na akaacha swali ambalo bado linamhusu kila mtu: mwanadamu ajinyime kiasi gani, na ajiruhusu kufurahi kiasi gani?

Johnson alizaliwa Machi 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Bedford, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford. Mbele yake ulikuwapo utumishi wa serikali ya Kiingereza nchini India, kazi ambayo wakati ule ilimhakikishia kijana msomi mshahara mnono, nyumba kubwa, watumishi na pensheni ya uzeeni.

Aliiacha nafasi hiyo. Mwaka 1876 alifika Zanzibar akiwa pamoja na Askofu Edward Steere, kiongozi wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi cha UMCA. Watumishi wa misheni hiyo hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, malazi na posho ndogo ya mavazi, na walitarajiwa kuishi bila kuoa.

Mwaka huo huo Johnson aliandamana na Steere hadi Masasi, ambako kilianzishwa kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Macho yake, hata hivyo, yalikuwa yakitazama magharibi, kwenye ziwa ambalo David Livingstone alikuwa amelitangaza kwa Wazungu mwaka 1859.

Safari ya kulifikia haikuwa nyepesi. Kwanza alikaa Mwembe, mji wa Mataka, mtawala mashuhuri wa Wayao, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1881 alilazimika kuondoka baada ya biashara ya watumwa kuzusha uhasama kati ya wenyeji wake na Waingereza wa pwani. Mwaka 1882 alifika ziwani akiwa na mwenzake, Padri Charles Janson. Muda mfupi baadaye Janson aliugua na kufa kwenye ufuko wa mashariki, na Johnson akabaki peke yake.

Mwili uliofanywa mtumishi

Kuanzia hapo ukaonekana ule mtindo wa maisha uliomfanya azungumzwe kote ziwani. Johnson alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Alilala katika nyumba za wenyeji, akala walichokula wao, na hakujali sana mavazi wala starehe za kitanda. Kwa mtu aliyelelewa katika familia ya Kiingereza ya karne ya 19, huo ulikuwa uamuzi mkubwa wa kuacha mazoea.

Aliona kwamba ziwa lenye vijiji vingi ufukoni haliwezi kuhudumiwa na mtu anayekaa mahali pamoja. Alirudi Uingereza kuchangisha fedha za meli ndogo, ambayo ilipewa jina la Charles Janson kwa kumbukumbu ya rafiki yake. Vipande vyake vilisafirishwa kupitia mito ya Zambezi na Shire, na mwaka 1885 meli hiyo ikashushwa majini.

Ni katika kazi hiyo ya kuleta meli ndipo macho yake yaliposhambuliwa na ugonjwa. Ilibidi arudishwe Uingereza akiwa karibu kipofu. Jicho moja halikupona, na lingine likabaki na nuru hafifu. Kwa watu wengi huo ungekuwa mwisho wa kazi. Johnson alirejea ziwani, na kwa jicho hilo moja akaendelea kusoma, kufundisha na kutafsiri kwa zaidi ya miaka 40.

Kituo kikuu cha misheni kilikuwa kisiwa cha Likoma, lakini makazi halisi ya Johnson yalikuwa meli na njia za vijijini. Meli ilitia nanga, yeye akashuka, akatazama shule, akazungumza na wazee, akaendesha ibada, kisha akaondoka kwenda kijiji kingine. Alifanya hivyo mwaka hadi mwaka, wakati wa masika na wakati ambapo upepo wa mwera hulivuruga ziwa.

Raha ya mtu asiye na anasa

Mtu anayesikia habari za kujinyima kwa namna hiyo anaweza kumdhania Johnson kuwa mtu mkavu, aliyeuchukia ulimwengu. Kazi aliyoiacha inaonyesha vinginevyo.

Mwaka 1922 alichapisha kitabu kuhusu Ziwa Nyasa na maisha ya watu wake, na mwaka 1924 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake za Afrika. Kitabu cha kwanza ni cha mtu aliyelitazama ziwa kwa mapenzi: maji na pepo zake, uvuvi, vijiji na desturi za wakazi. Mambo ya namna hiyo hayaandikwi na mtu aliyepita njia akiwa ameinamisha kichwa. Huandikwa na mtu aliyekaa ufukoni jioni, akawatazama wavuvi wakivuta nyavu, akauliza jina la kila kitu.

Kujifunza lugha nako kulikuwa sehemu ya maisha yake ya kila siku. Aliongoza kazi kubwa ya kutafsiri Biblia katika Chinyanja cha upande wa mashariki wa ziwa, na alifanya kazi pia katika lugha nyingine za ufukoni. Lugha haijifunzwi kwa kujifungia chumbani. Inahitaji mazungumzo, utani, hadithi na subira ya kukaa na watu pasipo haraka. Chuo Kikuu cha Oxford kilitambua kazi hiyo kwa kumtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa theolojia.

Kwa hiyo, nidhamu ya Johnson haikuwa ya kuua furaha. Alipunguza mahitaji yake hadi furaha zilizobaki zikawa zile zilizokuwapo kila mahali: matembezi, maji ya ziwa, chakula cha kushirikiana na mazungumzo. Hizo hazikumgharimu fedha, wala hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Aidha, hakuwa peke yake. Mabaharia wa meli, wapagazi, wapishi, walimu wa vijijini na mapadri Waafrika kama Augustine Ambali ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi. Akina mama waliomtengea sima na samaki hawakuandikwa majina, lakini bila ukarimu wao nidhamu ya mgeni huyo isingempeleka mbali. Mtu anayejivunia kuishi kwa kidogo hana budi kukumbuka ni nani anayempikia hicho kidogo.

Wenzake waliokufa mapema

Upo upande mwingine wa habari hii. Misheni hiyo ililipa gharama kubwa ya maisha ya watu. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa Januari 1862 karibu na makutano ya mito ya Ruo na Shire, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa kupotea majini. Askofu Steere alifariki Zanzibar mwaka 1882. Askofu Wilfrid Hornby aliondoka Nyasa mwaka 1894 kwa sababu ya afya.

Chauncy Maples, rafiki wa Johnson tangu Oxford, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1895. Septemba 2 mwaka huo huo, akiwa njiani kuelekea Likoma, mashua yake ilipinduka katika dhoruba, naye akazama pamoja na mwenzake, Joseph Williams. Johnson alibaki miongoni mwa wakongwe wachache, na mwaka 1896 akawa Arkidikoni wa Nyasa.

Katika hali hiyo, ilikuwa rahisi kuhesabu kila kifo kuwa sadaka. Kijana aliyefika kutoka Uingereza, akamwona Johnson akiishi bila kujali kitanda wala chakula, angeweza kuamini kwamba kujali afya ni udhaifu wa imani. Lakini kile ambacho mwili wa Johnson ulistahimili, si kila mwili ungeweza kukistahimili.

Aliyelitazama jambo hilo kwa macho ya sayansi alikuwa Daktari Robert Howard, aliyefika Nyasa mwaka 1899. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Ronald Ross alikuwa ameonyesha akiwa India kwamba mbu anahusika katika kueneza malaria. Howard alichunguza maradhi na vifo vya wamisionari wa dayosisi ya Likoma, na mwaka 1904 akatoa taarifa kwa bodi ya kitabibu ya misheni.

Mapendekezo yake leo yanaonekana ya kawaida kabisa: kumeza kwinini kwa utaratibu, kulala ndani ya chandarua, kujenga nyumba zinazofaa, kula chakula cha kutosha na kupumzika kwa wakati. Wakati ule yalikuwa mabadiliko ya fikra. Yalimaanisha kwamba mlo mzuri na usingizi wa kutosha si anasa za mtu mvivu, bali ni sehemu ya wajibu wake.

Hapo ndipo panapoonekana maana kamili ya nidhamu. Kumeza dawa kila siku wakati huumwi kunahitaji nidhamu. Kushusha chandarua kila usiku, hata usiku wa joto, kunahitaji nidhamu. Kukubali kupumzika wakati kazi bado ipo kunahitaji nidhamu pia, na pengine hiyo ndiyo ngumu zaidi kwa mtu mwenye bidii.

Johnson na Howard hawakuwa maadui wa hoja. Mmoja alionyesha kwamba mtu anaweza kuishi kwa vitu vichache na bado akafurahi. Mwingine alionyesha kwamba vipo vichache ambavyo havipunguziki. Ziwa lilihitaji wote wawili.

Mafunzo kwa wa leo

Mwaka 1901 ilishushwa majini meli kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow na kuletwa ziwani kwa vipande. Ilikuwa shule, kanisa na zahanati inayoelea. Johnson aliitumia kama alivyoitumia ile ndogo: chombo cha kumfikisha kwa watu. Umri ulisogea, nuru ya jicho ikapungua, lakini ratiba yake ya vijijini haikuachwa hadi nguvu zilipomwishia Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliofanana na sanamu ya kale ya Misri.

Karibu miaka 100 imepita. Eneo hilo sasa ni Wilaya ya Nyasa, iliyotokana na Mbinga, na Tingi ni mojawapo ya kata zake. Mwambao bado unakula ugali wa muhogo, usipa na mbasa, na milima ya Umatengo bado inalima kahawa. Malaria bado ipo, na chandarua kinachosahauliwa kimekunjwa juu ya kitanda hakimkingi mtu, kama vile kwinini iliyozama mtoni haikumwokoa Mackenzie.

Yamekuja pia maradhi ambayo wazee wa zamani hawakuyazungumza sana, kama kisukari na shinikizo la damu. Dhidi ya maradhi hayo, mengi ya mazoea ya Johnson yangemfaa mtu wa leo: kutembea kwa miguu, kula chakula kisicho na mafuta mengi, na kuwa na saa za kazi na saa za kutulia.

Hata hivyo, si busara kuyachukua yote. Mtu anayekataa kila sherehe, anayehesabu kila tonge na kujilaumu kwa kila kikombe cha chai yenye sukari, anaweza kuusalimisha mwili na kuunyong'onyeza moyo. Mwingine anayejiruhusu kila kitu huishia kunyimwa vyote na daktari. Kati ya hao wawili ipo njia ya kiasi, na njia hiyo haifanani kwa kila mtu: mwenye kisukari ana kiasi chake, mvuvi anayekesha ziwani ana chake, mama anayenyonyesha ana chake.

Johnson aliweza kuacha mshahara, nyumba na cheo cha India. Hakuacha kulitazama ziwa, wala hakuacha kukaa na watu. Anayetaka kujua apunguze nini katika maisha yake anaweza kuanza kwa kupima hapo: kile kinachomtenga na watu na kuudhoofisha mwili kipunguzwe, na kile kinachompa nguvu ya kuamka kesho na kurudi kazini kibaki, hata kama ni samaki mmoja wa kuchoma na mazungumzo ya jioni ufukoni.